Manju Aliyetaka Kufuta Wimbo

Kwetu Ntalikwa kila mtu mzima ana wimbo wake, na hakuna aliyeuomba. Yupo mwenye wimbo wa ndevu, yupo mwenye wimbo wa kukoroma mkutanoni, na yupo mwalimu mmoja mstaafu mwenye nyimbo mbili, maana ule wa kwanza aliulalamikia. Zote zilitoka katika kinywa kimoja, cha jirani yetu ambaye sijawahi kumsikia mtu akimwita kwa jina lake. Sisi tulimwita Manju, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya: kutunga nyimbo za ngoma, kuongoza wachezaji, na kuwasema watu hadharani mpaka uwanja ulipuke kwa kicheko.

Wasiojua mambo yetu niwaeleze kidogo. Baada ya mavuno, vikundi viwili vya ngoma hukutana kwenye uwanja mmoja, siku moja. Kila kimoja hucheza upande wake, na watazamaji huenda kule wanakoona raha. Chenye watu wengi ndicho kilichoshinda, basi. Sasa watu utawavutaje? Wengine walileta chatu. Wengine walipanda juu ya nguzo na kucheza huko huko juu. Manju alileta habari za majirani zake. Akishasema, "Jamani, mnamjua fulani?" tu, upande wa pili unabaki na mpiga ngoma na mbwa wake.

Alikuwa mfupi, mkavu, mwenye mwendo wa mtu aliyechelewa basi. Sauti yake hukuitarajia kutoka kwenye kifua kile. Tulipokuwa wadogo tuliamini anayo nyingine ameificha tumboni. Na alikuwa na majivuno, Mungu anisamehe! Ukipishana naye njiani unamwamkia, "Shikamoo Mzee," anaitikia "Marahaba" huku amesimama, anasubiri. Anasubiri umwambie kwamba wimbo wake wa juzi ulikuwa mzuri. Usipomwambia, anakuuliza habari za nyumbani, za shamba, za kuku, mpaka ukumbuke mwenyewe.

Kazi yake aliiheshimu kuliko mhunzi anavyoheshimu moto wake. Alikuwa akisema wapagazi wa zamani, wale waliobeba mizigo kutoka hapa kwetu mpaka pwani, walitukanana kwa nyimbo njia nzima, na ndiyo maana walifika. "Ukimsifia mtu mwenye mzigo kichwani analala," alisema. "Mtukane uone kama hatembei." Ukimwambia kwamba wimbo fulani una uongo ndani yake, hakukasirika. Alijibu, "Mimi sisemi uongo. Naukuta umekaa ovyo, naupanga."

Lakini nje ya uwanja hukumjua kuwa ni yeye. Kuku alishindwa kumchinja, alimpelekea jirani huku ameangalia pembeni. Kwenye misiba alifika wa kwanza, na kuni begani. Baba yangu alipofariki, Manju alichimba kaburi tangu asubuhi, akakataa kupokezana na vijana, mpaka wakamnyang'anya jembe. Baba alikuwa mpiga ngoma wake. Siku ile Mama alimpa maji ya kunywa, ila kikombe hakumpa kwa mkono wake. Alinipa mimi nimpelekee.

Maana Mama naye ana wimbo wake. Ndio mbaya kuliko zote, na bado unanipandisha hasira, ingawa nikisema siujui kwa moyo nitakuwa nadanganya.

Mama yangu ni mtu wa Tabora mjini, Mwislamu wa nyumba za zamani, binti wa watu wanaopokea mgeni kwa sinia na udi. Aliolewa Ntalikwa na kujifunza jembe akiwa mkubwa. Mwaka mmoja mvua ilikuwa mbaya. Mimi nilikuwa na miaka saba au minane. Kikundi cha ngoma kilikuwa kinarudi kutoka kushindana Goweko, kimechoka, kina njaa, na baba yangu, kwa ukarimu wa mwanamume asiyejua jikoni kuna nini, akawakaribisha wote nyumbani. Mama akasonga ugali, akagawa, wakala, wakashukuru, wakaondoka. Wiki iliyofuata, uwanjani, mbele ya watu wa vijiji vitatu, Manju akaimba:

*Nilikwenda kwa mpiga ngoma nikakaribishwa,*
*mkewe wa mjini akapima ugali kwa kijiko cha chai,*
*nikameza mate, nikashiba!*

Uwanja ulilipuka. Watu walianguka chini. Kuanzia siku ile Mama hakuitwa tena jina lake. Aliitwa Mama Kijiko. Dukani Mama Kijiko, kisimani Mama Kijiko, na aliposimama kusema neno kwenye mkutano, mtu mmoja nyuma aligonga kijiko kwenye kikombe. Akaketi. Sikumsikia tena akisema neno mkutanoni. Kwa mwanamke wa nyumba za sinia na udi, kuliko kuitwa mchoyo wa chakula, afadhali uitwe mwizi.

Na mimi, binti yake, niliuimba. Shuleni, nyuma ya vyoo, pamoja na wenzangu, na kuucheza niliucheza vizuri kuliko wote kwa kuwa mdundo wake ulitungwa na baba yangu. Sijamwambia Mama mpaka leo.

Basi huyo ndiye mtu aliyeamua, akiwa mzee wa meno ya kuhesabika, kuwa Mkatoliki.

Alivyofika kanisani ni kichekesho. Hakufuata dini, alifuata ngoma. Kigango, kanisa letu dogo, kipo hatua chache kutoka kwake, na kila Jumapili alisikia kwaya ikipiga ngoma vibaya. "Inapigwa kama mtu anabisha hodi nyumba anayodaiwa," aliniambia. Jumapili moja uvumilivu ukamwishia, akaingia katikati ya misa, akamwondoa mpigaji kwa upole, akakaa yeye. Padri, ambaye ana vigango vingi na anakuja kwetu mara moja moja, alisema hajawahi kuona sadaka ikipelekwa altareni kwa mbio vile. Manju akarudi Jumapili iliyofuata kuhakikisha hawajaharibu tena. Akarudi na nyingine. Kidogo kidogo akaanza kusikiliza na yale yaliyosemwa kati ya wimbo na wimbo, na hayo ndiyo yaliyomkamata. Alikuwa hajawahi kubatizwa popote. Akaandikishwa mafundisho.

Mwalimu wake alikuwa katekista wa kigango, mtu mtaratibu aliyezaliwa Ulyankulu kwa wazazi waliotoka Burundi, Mkatoliki tangu tumboni, mwenye baiskeli na subira. Subira ndiyo iliyotumika zaidi. Walipofika kwenye somo la toba, Manju akauliza ataungama lini, maana ana mengi na angependa kuyapanga.

"Mzee, wewe hutaungama kwanza," katekista akamwambia. "Ubatizo wenyewe unafuta dhambi zote za nyuma."

"Zote?"

"Zote."

"Bure?"

"Ndiyo neema hiyo, Mzee."

"Hata za nyimbo?"

"Hata za nyimbo."

Manju akafikiri. Halafu akauliza swali ambalo katekista alinisimulia mara tatu, na kila mara akitikisa kichwa. "Dhambi itafutwa, sawa. Na wimbo wenyewe, je? Nao utafutwa? Watu wataamka siku ya Pasaka wameusahau?"

Katekista akapekua kitabu chake mpaka mwisho; jibu halikuwemo. Tangu siku hiyo Manju akajipangia malipizi yake mwenyewe, ambayo hakuna padri aliyemtuma.

Alianza na Ijumaa. Kila Ijumaa ya Kwaresima, wakati wenzake wanaacha nyama, yeye aliacha kusema. Hapo ndipo tulipojua kwamba mtu huyu anaweza kupiga kelele bila sauti. Alinunua sukari kwa mikono, akabishania mpira wa miguu kwa nyusi. Mwenye duka pale njia panda, Mwislamu mzee mwenye utani, alirudi kutoka swala ya Ijumaa akamkuta amesimama kaunta anapunga punga. "Jamani Wakatoliki!" akasema. "Mngejua mnatupa raha kiasi gani, mngefanya Kwaresima mwaka mzima." Manju aliondoka midomo ikimtetemeka. Jumamosi asubuhi alikuja na jibu lake, aliloliweka siku nzima, na inasemekana lilikuwa refu.

Pombe aliacha. Wanzuki, pombe yetu ya asali, aliyoipenda kuliko watoto wake, aliipita kwa upande wa pili wa barabara. Kofia yake ya manyoya ya uwanjani aliifungia sandukuni. Hayo yote yalikuwa mepesi. Kazi ilikuwa kuomba radhi.

Aliamua kwenda kwa kila mtu aliyewahi kumwimba, nyumba kwa nyumba, kwa miguu. Wa kwanza akawa mwenye mashine ya kusaga. Huyu, miaka ishirini iliyopita, alikimbizwa na bata mzinga kuzunguka nyumba yake mwenyewe mara tatu, na Manju akautunga wimbo wenye mizunguko yote mitatu. Wimbo ulikuwa umekufa zamani. Wajukuu wa mwenye mashine hawakuwahi kuusikia. Manju akafika pale mashineni siku ya foleni, akapiga magoti mbele ya kinamama wenye madebe, akasema amekuja kuomba radhi kwa ajili ya ule wimbo.

"Wimbo gani?" akauliza mwenye mashine, ambaye aliujua vizuri mno na alikuwa akimsihi kwa macho aondoke.

Lakini Manju alikuwa amejifunza kwamba mwenye kutubu haruki wala hafichi. Akaona ni unafiki kutaja nusu. Akaimba. Akauimba wote, mzunguko wa kwanza mpaka wa tatu, kwa sauti ile ile ya tumboni, machozi yakimtoka. Kufika mzunguko wa pili kinamama walishadaka kiitikio. Mzunguko wa tatu madebe yalikuwa yanapigwa. Mtu mmoja alirekodi kwa simu, na kabla ya jua kuzama kila dereva wa bodaboda kutoka Ntalikwa mpaka stesheni alikuwa anao. Mwenye mashine aliapa hatasaga tena mahindi ya Manju, na mpaka leo Manju anasagia mbali.

Hakujifunza. Kwa wa pili aliimba. Kwa yule mwalimu mstaafu aliimba zote mbili. Katekista alimfuata kwa baiskeli, anahema: "Mzee, nakuomba, acha kutubu kwanza!"

Mimi nilicheka mpaka nikajishona kidole. Nina kibanda cha kushona kule mjini, na Manju alikuwa mteja wangu. Alinipa kazi ya shati jeupe la kubatiziwa. Pasaka ya kwanza ikapita, hakulichukua. Pasaka ya pili ikapita. Nililipunguza mabega, halafu nikalipunguza tena, kwa kuwa alizidi kukonda. Nikamuuliza, "Mzee, unangoja nini? Mafundisho umemaliza, hata Padri anakuuliza."

Akaangalia mashine yangu badala ya kuniangalia mimi. "Mama yako," akasema. "Siingii kwenye maji yale mpaka mama yako aniambie niingie."

Kicheko kiliniishia. Nilimpenda yule mzee, na nilimchukia, na vyote viwili vilinijia kwa pamoja.

Kwa Mama alikwenda mara tatu. Mara ya kwanza Mama alimwona kwa mbali, na zile habari za mashineni alishazisikia, akafunga mlango. Kama angeuimba wimbo ule uani kwetu, sijui, labda angemwagiwa maji ya moto. Mara ya pili alileta ndoo ya asali, akaikuta asubuhi mlangoni kwake imerudishwa, haijafunguliwa. Mara ya tatu nilikuwepo. Alisimama nje ya ua, akasema, "Mwangaluka," kwa Kinyamwezi, kama mtu anavyoamkia nyumba asubuhi. Mama alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua uso.

"Dada, nimekuja kwa ule..."

"Usiuimbe," Mama akasema.

"Siuimbi."

"Basi huna la kusema. Maisha yako yote hujawahi kuwa na la kusema lisilo wimbo."

Akageuka, akaenda zake. Nilimwambia Mama amekuwa mkali mno kwa mzee anayejaribu. Mama akaniuliza kama nimewahi kugongewa kijiko mbele ya watu. Nikanyamaza, na niliyonyamazia yalikuwa mengi.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya Pasaka, katekista alifika nyumbani kwa Mama. Mimi sikuwepo, nimehadithiwa na wote wawili na hawakuhitilafiana. Alieleza kwamba hospitali wamemwambia Manju moyo wake umechoka. Padri amemwelimisha kuwa msamaha wa jirani si sharti la ubatizo, ajitahidi tu, na amejitahidi. Lakini mzee ameng'ang'ana. Anaweza kufa bila kubatizwa.

Mama akaweka chini alichoshika. "Kwa hiyo mimi ndiye ninayemzuia kwenda mbinguni?" akauliza. "Na hilo nalo nitaimbiwa?"

Padri alikuwa na zamu ya kwetu Jumatatu ya Pasaka, asubuhi. Nilikwenda Ntalikwa na lile shati kwenye mfuko, kwa kubahatisha. Nikamkuta Mama amevaa. Baibui lake jipya, ushungi umepigwa pasi. "Twende," akasema. "Namfuata nikamwambie."

Kigango kilijaa mpaka nje. Waliokuwa wabatizwe walipangwa mlangoni. Manju alikuwa pembeni, kwenye benchi la kwaya lililotolewa nje, na kofia yake kuukuu ya kila siku mapajani, kama mtu aliyekuja kusindikiza wenzake. Watu walipomwona Mama anakatiza katikati yao, walitulia safu kwa safu. Kila mtu pale alijua.

"Manju," Mama akasema. Hakuketi. "Nasikia mimi ndiye niliyekufungia mlango."

"Sijasema hivyo, dada."

"Watu wanasema."

"Ah, watu nao..." akaanza, kisha akasikia mwenyewe anachosema, akakatisha. Yeye tena, kulalamikia maneno ya watu!

"Nimekuja uingie ubatizwe, nikikuona unaingia, nisije nikasingiziwa mara ya pili. Mimi na dini yako hatujagombana. Inuka."

Aliinuka. Magoti yalimsumbua, nikamshika mkono. Nilihisi anavuta pumzi ndefu, ile ya uwanjani, na nikajisemea moyoni: Yarabi, anaimba. Hakuimba. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikujua anayo.

"Dada, nina swali. Siku ile tulipokuja kwako. Ulikuwa na unga kiasi gani?"

Mama alimtazama. Nilidhani atamtukana. Aliposema, alisema ili wote wasikie.

"Vibaba vitatu. Na cha tatu hakikujaa."

"Na sisi tulikuwa wangapi?"

"Ishirini na watatu. Niliwahesabu kupitia dirishani, mnaingia tu, mnaingia tu. Mume wangu hakunipa taarifa. Nikasema nikimega kwa mkono, wa mwisho watakosa. Nikachukua kijiko ili kila mtu apate sawa na mwenzake. Ningekuwa na mizani ningepima kwa mizani."

"Na watoto?"

"Hawa?" Akanigusa bega bila kuniangalia. "Walilala na maji ya uji." Mimi sikumbuki. Naapa sikumbuki, na nilisimama pale nimeona aibu mbele ya umati mzima.

"Na wewe?" Manju akauliza. "Wewe ulikula nini?"

"Mimi?" Mama akapandisha sauti. "Ningekula nini, baba wee, na nyinyi mmelamba mpaka mwiko?"

Mwimbaji mmoja wa kwaya alikuwa wa kwanza kushindwa kuzuia kicheko. Halafu yule mwalimu wa nyimbo mbili. Halafu wote, wa ndani na wa nje, kicheko kile cha uwanjani ninachokijua tangu utotoni, watu wanashikana mabega, na waliochekwa safari hii ni wachezaji ishirini na watatu pamoja na kiongozi wao. Mama akageuka kuwatazama, ameshtuka. Sura ile sijawahi kuiona kwake. Alikuwa ameulipua uwanja.

Manju hakucheka. Machozi yalikuwa yanamtiririka mpaka kidevuni na hakuyafuta. "Wimbo niliumaliza njiani kabla sijafika kwangu," akasema. "Sikuuliza. Ningeuliza, nisingekuwa na wimbo. Nilijua hivyo, dada, ndiyo maana sikuuliza."

Padri alikuwa ametokeza mlangoni na kanzu yake nyeupe, na katekista amemshika mkono kumzuia asiseme neno.

"Mvalishe shati," Mama akaniambia mimi. Kisha akamwambia yeye, "Nenda. Padri wa watu anangoja."

"Na wewe?"

"Mimi siingii humo." Akalivuta lile benchi la kwaya kivulini, akapangusa vumbi kwa ncha ya ushungi wake. "Nakaa hapa mpaka utoke," akasema, akakaa.